Laini Moja, Wanafunzi 80: Jinsi Proksi Inavyogawa Intaneti

Laini ya intaneti inayotumiwa na watu wengi hufanana na bomba la maji la mtaani. Maji yanayotoka kwa dakika moja yana kiwango chake, na kiwango hicho hakipandi kwa sababu foleni ya bidoni imerefuka. Katika intaneti kiwango hicho huitwa upana wa laini, nacho hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Bweni, maktaba ya shule au chumba cha kompyuta kikipewa laini ya megabiti 20, ni hizo hizo 20, awe anaitumia mwanafunzi mmoja au wanaitumia 80. Kusimamia laini hiyo ni kuamua nani anapata kiasi gani na kwa saa ipi, kwa utaratibu ambao kila mmoja anaujua na anaweza kuuhoji.

Suala hili lina uzito wa pekee Rumonge na kwenye mwambao wote wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Mji wa Rumonge uko takriban kilomita 75 kusini ya Bujumbura, kwenye barabara ya taifa namba 3, ile inayofuata ziwa kuelekea Nyanza-Lac. Unajulikana kwa mawese, kwa samaki wa ndagala na mukeke, na kwa Kiswahili kinachosikika mwaloni na sokoni. Maji ya ziwa yapo mbele ya macho, lakini bahari iko mbali, na intaneti ya Afrika Mashariki hupita baharini. Ukurasa uliohifadhiwa kwenye seva ya Ulaya husafiri chini ya Bahari ya Hindi, hutua pwani ya Kenya au Tanzania, kisha huvuka nchi kavu na mipaka kabla ya kufika kwenye simu ya mwanafunzi wa Rumonge. Kila sehemu ya njia hiyo ina mwenyewe, na kila mwenyewe hulipwa. Ndiyo maana megabiti moja katika nchi isiyo na bahari ni kitu cha kuhesabiwa.

Hali ilikuwa ngumu zaidi zamani. Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya eneo hili ilitegemea satelaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka: jumla kilomita 144,000, karibu nusu sekunde nzima kabla hata herufi moja haijaonekana. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Ndani ya Burundi kampuni za mawasiliano ziliungana katika Burundi Backbone System, na kwa msaada wa Benki ya Dunia fiba ikatandazwa nchini. Vyuo navyo vilianza kujipanga pamoja: BERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Burundi, ni mwanachama wa UbuntuNet, umoja wa mitandao ya aina hiyo wa mashariki na kusini mwa Afrika. Mwaka 2024 Starlink nayo ilianza huduma nchini, kwa satelaiti zinazoruka chini zaidi, kwenye kimo cha kilomita 550 hivi. Kila hatua ilipanua bomba. Lakini kadiri bomba lilivyopanuka, kurasa zilinenepa, video zikawa kali zaidi, na mwanafunzi aliyekuwa hana kifaa akawa na simu na kompyuta. Foleni ilibaki.

Hesabu ndogo huonyesha foleni hiyo inatoka wapi. Megabiti si megabaiti: biti 8 hufanya baiti 1. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde, kwa hiyo, huleta megabaiti 2.5 kila sekunde. Wanafunzi 80 wakivuta kwa pamoja, kila mmoja hubakiwa na kilobaiti 31 hivi kwa sekunde. Ujumbe wa maandishi unapita vizuri, lakini ukurasa wenye picha hukokota na video haitazamiki. Tena si lazima wote 80 wawepo. Video ya ubora mzuri inaweza kula megabiti 2 au zaidi, kwa hiyo watazamaji 10 peke yao wanatosha kuimaliza laini, na mwanafunzi wa 11, anayejaribu kupeleka kazi yake kwa mwalimu kabla ya muda kwisha, hukuta mlango umefungwa.

Hesabu ya pili hutoa picha tofauti kabisa. Laini hiyo hiyo ikifanya kazi saa 24, hubeba gigabaiti 216 kwa siku. Zikigawanywa kwa wanafunzi 80, kila mmoja ana gigabaiti 2.7 kila siku, kiasi ambacho wengi wao wasingeweza kukinunua kwa simu. Ila kati ya saa 1 na saa 4 za usiku, wakati wote wamerudi na wameshakula, laini hubeba gigabaiti 27 tu, yaani megabaiti 340 hivi kwa mtu. Kuanzia saa 4 za usiku hadi saa 12 asubuhi hupita nafasi ya gigabaiti 72, na sehemu kubwa hupotea bure watu wakiwa wamelala. Uhaba, basi, hauko katika laini nzima. Uko katika saa chache za jioni. Wavuvi wa ndagala wanalijua jambo la namna hii: ziwa ni lile lile, lakini usiku wa mbalamwezi si usiku wa giza, maana taa ya mtumbwi haivuti samaki mwezi ukiwa mpevu. Anayesimamia intaneti naye huanza kwa kujua saa.

Chombo cha kusimamia ni proksi. Proksi ni kompyuta inayokaa katikati, kati ya wanafunzi na intaneti. Mwanafunzi hamwendei mwenye tovuti moja kwa moja. Humwomba proksi, proksi huenda kuleta, kisha humkabidhi. Wazo hili lina umri unaokaribiana na wa wavuti wenyewe. Mwaka 1994 programu ya seva ya CERN, kituo cha utafiti kilichoko Uswisi ambako wavuti ulizaliwa, ilikuwa tayari inaweza kufanya kazi ya proksi. Mwaka 1996 ilitoka Squid, programu huria iliyokuzwa Marekani kutokana na mradi wa utafiti ulioitwa Harvest. Squid hailipiwi, huendeshwa kwenye Linux, na kompyuta iliyochakaa kwa kazi za ofisini huweza kuihudumia shule nzima. Ndiyo sababu ilienea haraka katika vyuo vya Afrika enzi za satelaiti, ambapo kila kilobiti ilikuwa na bei.

Kazi ya kwanza ya proksi ni kuweka akiba. Mwanafunzi wa kwanza akifungua picha au faili, proksi hubakiza nakala kwenye diski. Wa pili akiliomba jambo lile lile, hupewa nakala hiyo kutoka chumba cha pili, bila kugusa laini ya nje. Darasa la watu 40 likifungua somo moja, faili huvuka bahari mara moja badala ya mara 40. Miaka ya mwanzo akiba hiyo ndiyo ilikuwa faida kubwa kuliko zote. Leo imepungua sana, na sababu yake ni njema: karibu kurasa zote sasa husafiri zikiwa zimefungwa kwa usimbaji. Tangu mwisho wa mwaka 2015, Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti vya usalama bila malipo, hata tovuti ndogo zilijifunga. Proksi huona kwamba mwanafunzi ameelekea tovuti fulani, lakini haioni anasoma ukurasa gani, na isichokiona haiwezi kukiweka akiba. Zipo mbinu za kufungua mawasiliano hayo katikati, lakini hudai kila kifaa kiwekewe cheti cha shule, na hapo shule huwa na uwezo wa kusoma barua, maneno ya siri na malipo ya kila mtu. Faida ya megabaiti chache hailingani na hatari hiyo.

Kazi ya pili ni kulinda mlango. Proksi inaweza kudai jina na neno la siri kabla ya kumpitisha mtu. Faida yake ni kwamba hesabu hufuata mtu badala ya kifaa. Ikifuata kifaa, mwenye simu, kishikwambi na kompyuta hupata mafungu matatu, na asiye na kitu zaidi ya simu ya kuazima hupata moja. Tena simu za siku hizi hubadilisha anwani zao za waifai zenyewe, hivyo hesabu ya kifaa huharibika haraka. Mlango huo pia hujua saa: kanuni za Squid zinaweza kusema kwamba faili kubwa zipite baada ya saa 4 za usiku, au kwamba chumba cha mtihani kipate kipaumbele asubuhi.

Kazi ya tatu, iliyo kiini cha kugawana, ni kupunguza mwendo kwa haki. Squid huifanya kwa kumpa kila mwanafunzi kitu kinachofanana na ndoo chini ya bomba linalotiririka polepole. Ndoo ikijaa, mwenyewe anaweza kuchota mara moja, kwa kasi yote ya laini. Ikikauka, hupata kile tu kinachotiririka. Ndoo ikiwa ya megabaiti 5 na mtiririko wa kilobaiti 50 kwa sekunde, matokeo yake huonekana wazi. Anayefungua ukurasa wa megabaiti 2 huupata mara moja. Akiusoma kwa dakika 2, hukuta ndoo imejaa tena, na hatambui hata kidogo kwamba kuna kikomo. Anayepakua filamu ya megabaiti 700 hupata megabaiti 5 za mwanzo kwa haraka, kisha hutambaa, na filamu humchukua karibu saa 4. Hakunyimwa filamu wala hakukemewa. Gharama ya filamu yake imebaki kwenye ndoo yake mwenyewe, haikumwagika kwenye ndoo za wenzake.

Ndoo hizo zina kasoro moja. Kikomo hubaki pale pale hata laini ikiwa tupu. Mwanafunzi aliye peke yake saa 9 za usiku hutiririkiwa kilobaiti 50 wakati megabaiti 2 na zaidi zinapita bure kila sekunde. Dawa yake ni kuweka kanuni mbili, ya jioni na ya usiku wa manane, au kuiachia ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa shule na laini ya nje, kazi ya kugawa, kwa sababu ruta nzuri huweza kuazima: sehemu isiyotumiwa na mmoja humfikia mwingine hadi mwenyewe atakapoihitaji.

Ruta ina kazi nyingine ambayo proksi haiwezi. Laini inapojaa, pakiti za data hupanga foleni ndani ya vifaa, na foleni ikiwa ndefu, hata ombi dogo husubiri nyuma ya mizigo mikubwa, kama mtu wa kikombe kimoja aliyepangwa nyuma ya bidoni 30. Hapo kasi ikipimwa huonekana nzuri, lakini simu ya sauti hukatika na ukurasa hukawia kuanza. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya CoDel, ambayo hupima pakiti imesubiri kwa muda gani badala ya kuangalia foleni ina urefu gani. Kutokana nayo zilizaliwa fq_codel na baadaye CAKE, ambazo hutenga foleni nyingi ndogo na kuzihudumia kwa zamu. CAKE huweza kugawa kwa kila kifaa badala ya kila muunganisho, na hilo huwazima wale wanaotumia programu za kupakua zenye kufungua miunganisho 16 kwa mpigo ili wapate mafungu 16.

Sharti la mbinu hizo ni kuiwekea ruta kikomo kilicho chini kidogo ya laini, kwa mfano megabiti 19 kwa laini ya 20. Foleni basi hujipanga ndani ya ruta ya shule, ambako kuna utaratibu, badala ya kujipanga kwa mtoa huduma, ambako shule haina sauti. Lipo pia jambo la mpangilio ambalo huwaponyoka wengi: ruta iliyo upande wa nje wa proksi humwona mteja mmoja tu, yaani proksi yenyewe. Ugawaji kwa kila mwanafunzi lazima ufanyike upande wa ndani, au ufanywe na proksi.

Proksi hukabiliwa pia na mizigo inayopita pembeni yake. Vivinjari vya kisasa hutumia itifaki ya QUIC, ambayo haipiti njia ya kawaida ya proksi. Mlango wake, UDP namba 443, ukifungwa kwenye ruta, kivinjari hurudi chenyewe kwenye njia ya zamani na mtumiaji hapotezi kitu. Programu nyingi za simu, zikiwemo za ujumbe, hupuuza mpangilio wa proksi uliowekwa kwenye waifai. Kwa hiyo katika bweni ambalo simu ni nyingi kuliko kompyuta, ruta hubeba kazi ya kugawa mwendo, na proksi hubaki na akiba, majina, saa na takwimu. Hakuna kimoja kati ya viwili hivyo kinachotosha peke yake.

Nafuu kubwa kuliko zote hutokana na kile kisichovuka laini kabisa. Masasisho ya Windows na ya simu mara nyingi hupakuliwa na kila kifaa kivyake, tena jioni ile ile. Kompyuta za shule zinaweza kuelekezwa kuyachukua mara moja usiku na kugawiana ndani. Vitabu na ensaiklopidia navyo vinaweza kukaa kwenye seva ya shule. Programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima ya Kifaransa, lugha ya masomo ya Burundi, kwa makumi ya gigabaiti, na ile ya Kiswahili kwa sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Programu nyingine, Kolibri, hubeba masomo ya video na mazoezi. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, yenye diski, huligawia darasa zima kupitia waifai. Mwanafunzi husoma hata siku ambayo laini ya nje imekatika, na anayetazama somo la hesabu hachelewi wala hamcheleweshi mtu.

Umeme ni sehemu ya hesabu hii. Katika mwambao unaotegemea umeme wa shirika la REGIDESO, kukatika kwake ni jambo la kupangiwa mapema. Proksi inayozimika ghafla huweza kuharibu akiba yake kwenye diski, na mbaya zaidi, proksi ikilala, mtandao wote hulala nayo. Ruta na Raspberry Pi hutumia wati chache, hivyo betri moja yenye sola huvihudumia usiku kucha. Kompyuta kubwa ya proksi huhitaji betri ya kuiwezesha angalau kujizima salama, na ruta hupangwa iwapitishe wanafunzi moja kwa moja pale isipopata jibu la proksi.

Vyombo vyote hivi hutekeleza kanuni, lakini haviitungi. Kanuni ya kufunga tovuti hovyo hufeli haraka. Wanafunzi huhamia VPN, njia ya kificho inayosimba mawasiliano yao yote, na hapo mzigo wote huwa bomba moja lisilosomeka, ambalo msimamizi hawezi tena kutofautisha ndani yake somo na filamu. Tena si rahisi kusema kipi ni somo. YouTube hubeba muziki na hubeba mihadhara ya anatomia, na WhatsApp ndiyo ubao wa matangazo wa madarasa mengi. Kanuni inayodumu huhesabu kiasi na saa, haichagui ladha. Huandikwa kwa lugha inayosomeka na wote, iwe Kirundi, Kifaransa au Kiswahili, hubandikwa mlangoni, na hutungwa pamoja na wawakilishi wa wanafunzi. Mwenye dharura, kama anayewasilisha tasnifu kesho, awe na mahali pa kuomba nyongeza na ajibiwe siku hiyo hiyo.

Kumbukumbu za proksi zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu huandika nani alielekea wapi na saa ngapi. Zina kazi moja halali: kujua laini inakwenda wapi. Kwa kazi hiyo jumla za siku zinatosha, na majina hayana haja ya kukaa miezi. Kijana anayetafuta habari za ugonjwa wake au za imani yake hapaswi kuogopa kwamba jina lake litasomwa ofisini. Taasisi inayotangaza inahifadhi nini, kwa siku ngapi na nani anaruhusiwa kuona, huaminiwa, na mtandao unaoaminiwa haukimbiwi kwa njia za kificho.

Utaratibu wa kazi, kwa hiyo, huanza na kipimo. Wiki moja ya takwimu bila kubana chochote huonyesha saa za msongamano, tovuti zinazojirudia na masasisho yanayopakuliwa mara 80. Kisha huja yale yasiyomwumiza mtu: maktaba ya ndani na masasisho ya usiku. Baada yake hufuata foleni za haki kwenye ruta, halafu ndoo na saa kwenye proksi, kanuni moja baada ya nyingine, na kipimo baada ya kila moja. Ikiwa baada ya hatua zote hizo laini bado imejaa hadi usiku wa manane, na wanafunzi wanaosoma tu bado wanasubiri, hapo taasisi ina sababu ya kutafuta laini kubwa zaidi, na namba za kuitetea mbele ya anayelipa zimeshaandikwa.